Usichome Mabua Yakawa Jivu: Tengeneza Mkaa wa Kulisha Bustani

Kila msimu wa mavuno unapokwisha, moshi hutanda juu ya mashamba yetu. Mabua na magunzi hukusanywa pembeni, huwashwa moto, na kesho yake hubaki jivu jeupe ambalo upepo huliondoa. Watoto wanakohoa, macho yanawasha, na shamba halikupata kitu cha maana. Msimu unaofuata tunapanda palepale, kwenye udongo uleule uliochoka.

Katika somo la leo tutajifunza njia nyingine ya kutumia mabaki hayo. Tutayachoma kwa utaratibu ili yageuke mkaa badala ya jivu, kisha tutautumia mkaa huo kuimarisha udongo wa bustani. Wataalamu wa kilimo huuita mkaa huu biocha.

Somo limeandikwa hasa kwa familia zilizopewa kiwanja cha kulima katika makazi ya wakimbizi ya Uganda, kama vile Nakivale, Rwamwanja, Kyaka II na Kyangwali. Lakini hata wewe uliye kambi nyingine, mwenye magunia mawili tu ya mboga mlangoni, utapata la kukufaa.

KWA NINI IDARA YA AFYA IZUNGUMZE JUU YA UDONGO?

Sababu ya kwanza ni chakula. Mwezi Mei 2025 Shirika la Chakula Duniani (WFP) lilitangaza kwamba kwa kukosa fedha, wakimbizi wapatao milioni 1 nchini Uganda hawatapata tena mgao. Mgao unapopungua, mboga za nyumbani huwa na thamani kubwa zaidi. Mchicha (lengalenga), majani ya maboga, sombe na maharage humpa mtoto na mama mjamzito madini ya chuma na vitamini ambavyo unga peke yake hautoi vya kutosha. Bustani iliyochoka haiwezi kutoa mboga hizo vya kutosha.

Sababu ya pili ni moshi. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 3.2 duniani walikufa kutokana na hewa chafu ya majumbani, nyingi ikitokana na moto wa kupikia. Miongoni mwao walikuwamo watoto zaidi ya 237,000 wa chini ya miaka 5. Moshi huumiza mapafu ya mtoto na kumfanya apate nimonia kwa urahisi. Kwa hiyo hatuwezi kukufundisha kuchoma mabua bila kukufundisha kuyachoma kwa moshi mdogo, mbali na nyumba na mbali na watoto.

1. MKAA WA BUSTANI NI NINI?

Ukichoma bua mahali penye hewa nyingi mpaka mwisho, karibu kila kitu huondoka na moto. Hubaki jivu. Jivu lina chumvichumvi zenye faida kidogo kwa mmea, lakini ni jepesi, na mvua huliosha upesi.

Ukichoma bua kisha ukauzima moto kabla halijawa jivu, hubaki mkaa. Mkaa hauozi upesi kama majani. Unaweza kukaa udongoni miaka mingi sana. Huko Amerika ya Kusini, katika bonde la mto Amazon, kuna udongo mweusi wenye rutuba ambao wenyeji wa kale waliutengeneza kwa mkaa, mifupa na takataka za jikoni. Sehemu nyingine za udongo huo zina umri wa miaka zaidi ya 2,000, na hadi leo watu hulima juu yake.

Kwa nini mkaa husaidia? Ukiuvunja na kuutazama kwa darubini, utaona matundu madogo yasiyohesabika, kama sega la nyuki. Matundu hayo hushika maji na chakula cha mmea yasipotelee chini. Pia mkaa hupunguza uchachu wa udongo, hivyo mizizi hupata chakula kwa urahisi zaidi.

Kumbuka jambo moja kubwa: mkaa si mbolea. Mkaa ni ghala. Ghala tupu halimshibishi mtu. Ni lazima ulijaze kwanza kwa mboji, samadi au mkojo, ndipo ulizike udongoni. Tutalieleza hilo katika sehemu ya 6.

2. UNAFAA UDONGO GANI?

Mkaa husaidia zaidi udongo mwekundu uliolimwa miaka mingi bila mbolea, udongo wenye uchachu, na udongo wa kichanga usioshika maji. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008 kutoka magharibi ya Kenya, mavuno ya mahindi yaliongezeka karibu mara mbili katika mashamba yaliyochoka sana. Lakini wale walitumia tani nyingi za mkaa kwa kila hekta, kiasi ambacho familia moja haiwezi kupata.

Udongo mweusi wenye rutuba hautaonyesha tofauti kubwa. Nako katika maeneo makame yenye udongo wa magadi, kama Kakuma na Dadaab nchini Kenya, uwe mwangalifu. Udongo wa huko hauna uchachu wa kupunguzwa, na mkaa pamoja na jivu huweza kuuzidishia magadi. Huko tumia mboji kwanza, na ukitaka kujaribu mkaa, jaribu kwenye gunia moja tu.

3. NINI KICHOMWE NA NINI KISICHOMWE

Si kila mabaki yanafaa kuchomwa. Chagua hivi:

Yafaayo kwa mkaa:
- Magunzi (mabunzi) ya mahindi yaliyokauka. Haya ni bora kuliko yote.
- Mabua ya mahindi na ya mtama, yaliyokatwa vipande vya urefu wa mkono.
- Maganda ya karanga.
- Vijiti vidogo vilivyopogolewa kwenye miti.

Yasiyofaa kuchomwa:
- Majani na mabua mateke ya maharage na karanga. Haya yana naitrojeni nyingi. Yalishe mbuzi, au yatupe kwenye shimo la mboji.
- Miti ya mihogo iliyo hai na isiyo na ugonjwa. Hiyo ni mbegu yako ya msimu ujao.
- Mabua yanayofunika udongo kwenye mteremko. Yaache yazuie mmomonyoko.
- Kitu chochote kibichi au chenye unyevu. Kitatoa moshi mwingi na mkaa mbaya.

Marufuku kabisa: mifuko ya plastiki, magunia ya nailoni, vipande vya turubai, viatu vya mpira, nyaya na mbao zenye rangi. Moshi wake ni sumu, na sumu nyingine hubaki kwenye mkaa na kuingia katika bustani unayokula.

Usikate mti ili kutengeneza mkaa wa bustani. Njia hii ni ya mabaki tu.

4. KABLA HUJAWASHA MOTO

Katika kambi nyumba zetu zimekaribiana, na nyingi zimeezekwa kwa turubai au nyasi. Cheche moja inaweza kuteketeza bloku nzima. Kwa hiyo fuata masharti haya bila kuacha hata moja:

a) Mwarifu kiongozi wa bloku na jirani zako. Kama sheria ya kambi yenu hairuhusu moto wa nje, usiwashe. Tumia mabaki yako kwa mboji.

b) Chagua mahali pa wazi, angalau meta 30 kutoka nyumba, choo, ghala au nyasi kavu. Fyeka na kufagia pande zote.

c) Choma asubuhi na mapema wakati upepo umetulia. Siku ya upepo, ahirisha.

d) Weka tayari jerikeni mbili za maji za lita 20 na beleshi kabla ya kuwasha. Usitumie maji ya kunywa. Maji yaliyofulia au kuoshea vyombo yanatosha.

e) Wawepo watu wazima wawili mwanzo hadi mwisho. Watoto, mama mjamzito na mwenye pumu wasikaribie. Mwenye kifafa asifanye kazi ya motoni.

f) Usivae kanga inayoning'inia wala nguo ya nailoni. Vaa nguo ya pamba na viatu vinavyofunika miguu.

5. HATUA ZA KUCHOMA SHIMONI

Njia hii haihitaji pipa wala tanuri la kununua. Inahitaji jembe na uvumilivu wa saa moja na nusu hivi.

Hatua ya 1. Chimba shimo lenye umbo la bakuli au faneli: pana juu, jembamba chini. Kwa magunia mawili au matatu ya magunzi, upana wa sentimeta 80 na kina cha sentimeta 45 vinatosha. Udongo uliochimba uweke pembeni, utauhitaji baadaye.

Hatua ya 2. Panga vijiti vikavu chini ya shimo na uwashe kwa juu, si kwa chini. Ukiwasha kwa juu, moshi unaotoka chini hupita kwenye moto na kuungua. Moto ndio unaokula moshi.

Hatua ya 3. Moto ukishashika vizuri, tandaza tabaka moja jembamba la magunzi au mabua. Usimwage gunia zima kwa mara moja. Ukimwaga mengi, moto utafunikwa na moshi mzito utaanza.

Hatua ya 4. Tazama tabaka hilo. Kwanza litawaka, kisha litakuwa jeusi, halafu utaona jivu jeupe likianza pembeni. Hapo ndipo uongeze tabaka lingine. Tabaka jipya huwaka juu na kutumia hewa yote, na lile la chini hukosa hewa na kubaki mkaa. Endelea hivyo, tabaka juu ya tabaka, mpaka shimo likaribie kujaa.

Hatua ya 5. Moshi ukizidi, ina maana umeongeza haraka mno au mabaki yana unyevu. Subiri moto upande tena. Jivu likizidi, ina maana umechelewa. Ongeza tabaka.

Hatua ya 6. Miali ya mwisho ikipungua na tabaka la juu likianza kuwa na jivu, zima moto mara moja. Ukisema upumzike kwanza, utakuta jivu.

Kuzima kwa maji: simama upande unakotoka upepo. Mwaga kidogo kidogo kuanzia pembeni kwenda katikati. Mvuke unaoruka unaunguza kama moto wenyewe, kwa hiyo usiinamie shimo. Geuza kwa beleshi na umwage tena mpaka pasitoke mvuke wala moshi.

Kuzima kwa udongo: kama maji ni haba, rudishia udongo uliochimba, unene wa sentimeta 15, na uukanyage pembeni ili hewa isipenye. Mahali popote moshi unapochomoza, ongeza udongo. Acha mpaka kesho yake. Unapofukua, jerikeni ya maji iwe karibu, kwa sababu kaa moja lililobaki na moto huweza kuwasha mengine yote.

Hatua ya 7. Tandaza mkaa mahali pa wazi. Usiuingize ndani ya nyumba wala kuuweka karibu na ukuta wa turubai kabla ya siku mbili kupita na kuhakikisha kwa mkono kwamba umepoa mpaka katikati.

Hatua ya 8. Shimo lifukie au lizungushie uzio wa miti. Mtoto anayekimbia haoni shimo, na makaa yaliyofunikwa na jivu hayaonekani kuwa yana moto.

Utapata mkaa kiasi gani? Kwa njia hii, kilo 10 za magunzi makavu hutoa kilo 2 hivi za mkaa. Usikate tamaa kwa uchache wake. Haba na haba hujaza kibaba.

Jinsi ya kutambua mkaa mzuri. Ukiugonga hulia kama kigae. Ukiusugua mkononi huacha weusi unaotoka kwa maji matupu. Mkaa mbaya huacha weusi wenye mafuta usiotoka bila sabuni, na hunuka moshi mkali. Vipande hivyo havijaungua vizuri. Virudishe kwenye moto wa mara nyingine.

6. LISHA MKAA KABLA YA KUUZIKA

Hapa ndipo watu wengi hukata tamaa na mkaa. Wanautia shambani ukiwa mtupu, mimea inageuka manjano, nao wanasema mkaa umeua udongo. Kilichotokea ni kwamba ghala tupu limenyonya chakula kilichokuwa udongoni na kuunyima mmea.

Fanya hivi:

Kwanza, lowesha mkaa ili vumbi lisiruke. Vumbi la mkaa huumiza mapafu. Utie ndani ya gunia, funga mdomo, kisha uukanyage au uupige kwa mti mpaka vipande viwe vidogo kama punje za mahindi. Funga kitambaa puani na mdomoni.

Pili, changanya beseni 1 la mkaa na beseni 1 la mboji iliyoiva au samadi ya zamani ya mbuzi, ng'ombe au kuku. Nyunyizia maji mpaka ukiuminya mkononi ushikamane bila kuchuruzika.

Tatu, funika kwa majani ya migomba, mahali pa kivuli. Geuza kila wiki. Baada ya wiki 3 mkaa umeshiba. Mkaa uliolishwa hunuka kama udongo wa msituni baada ya mvua.

Mkojo wa ng'ombe au mbuzi pia ni chakula kizuri cha mkaa. Mwaka 2015 watafiti walichapisha matokeo kutoka Nepal: maboga yaliyopandwa kwenye mkaa uliolowekwa mkojo wa ng'ombe yalizaa mara 4 hivi ya yale yaliyopewa mkojo bila mkaa. Usitegemee kwamba kila udongo utajibu hivyo, lakini somo liko wazi: mkaa na mbolea vikiwa pamoja hushinda kila kimoja peke yake.

Je, mkojo wa binadamu unaruhusiwa? Unaweza kutumika kwa masharti haya:
- Uwe wa familia yako mwenyewe, na usichanganyike hata kidogo na kinyesi.
- Uhifadhiwe mwezi 1 ndani ya jerikeni iliyofungwa, yenye alama. Jerikeni hiyo isitumike tena kwa maji wala mafuta.
- Uchanganywe na mkaa na mboji, usimwagiwe kwenye majani ya mboga.
- Upite mwezi 1 tangu kuutia bustanini mpaka kuvuna.
- Usimwagwe karibu na kisima, mto au ziwa.
- Kukiwa na mlipuko wa Ebola, Marburg au ugonjwa mwingine wa hatari, acha kabisa.

Kinyesi cha binadamu usikitumie bustanini kwa hali yoyote. Kinaleta kipindupindu, kuhara na minyoo.

7. KUTUMIA MKAA BUSTANINI

Kwa kuwa mkaa wako ni kidogo, usiutawanye shamba zima. Uweke pale mizizi ilipo.

Bustani ya gunia: changanya beseni 1 la mkaa uliolishwa na beseni 4 za udongo. Jaza gunia kama kawaida, na mawe katikati kwa ajili ya kupitisha maji.

Kitalu au tuta la mboga: chimba mfereji wa kina cha kiganja, tia mchanganyiko, funika kwa udongo, panda juu yake.

Mashimo ya maboga, nyanya au ndizi: tia viganja viwili vilivyojaa kwa kila shimo la mboga. Kwa mgomba tia ndoo nusu.

Hakuna haja ya kurudia kutia mkaa kila msimu mahali palepale. Mkaa unabaki. Lakini mboji na samadi lazima uongeze kila msimu, kwa maana ghala huliwa likaisha.

Jaribu kwanza. Chukua makopo mawili yaliyotobolewa chini. Moja lijaze udongo mtupu, la pili udongo wenye mkaa uliolishwa. Panda maharage 10 kila kopo na umwagilie sawasawa. Hesabu yaliyoota baada ya siku 7. Kama kopo la mkaa limeota machache, mkaa wako haujaungua vizuri au haujashiba. Uongezee mboji, uuache wiki 2 nyingine, ujaribu tena.

Kisha panda tuta moja lenye mkaa na moja lisilo na mkaa, kando kwa kando. Macho yako yatakuambia kuliko somo hili.

8. SWALI LA AKINA MAMA: KWA NINI TUSIPIKIE?

Swali hili ni la haki. Kuni ni shida, na wanawake na wasichana wanaotoka kwenda kuzitafuta mbali hukutana na hatari ya kupigwa na kubakwa. Mama akiona gunia la mkaa, haoni bustani, anaona chakula cha watoto cha jioni.

Jibu letu ni hili: kama nyumbani hakuna cha kuwashia jiko, mkaa wa magunzi unaweza kupikia. Usaga uwe laini, uchanganye na udongo wa mfinyanzi kidogo au uji wa maganda ya mihogo yaliyochemshwa, ufinyange vitonge, uvianike juani siku 3 hadi 5. Vitonge hivyo huwaka polepole bila moshi mwingi. Vile vipande vikubwa vigumu viweke kwa jiko, na ungaunga uliobaki uupeleke bustanini. Hivyo hupotezi kitu.

Lakini sikiliza onyo hili kwa makini. Mkaa usiotoa moshi si mkaa usio na sumu. Mkaa wowote unaowaka, wa mti au wa magunzi, hutoa hewa iitwayo kaboni monoksidi. Hewa hiyo haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Inaingia kwenye damu na kuzuia mwili usipate oksijeni. Mtu aliyelala huweza kufa bila kuamka.

Kwa hiyo:
- Usilaze jiko la mkaa ndani ya chumba mnacholala, hata kama mvua inanyesha na watoto wanasikia baridi.
- Pikia nje au kwenye kibanda chenye nafasi za kupitisha hewa juu na pembeni.
- Usimwache mtoto mchanga mgongoni au pembeni unapopuliza jiko.
- Baridi ikizidi, ongeza mablanketi, usiongeze moto.

Dalili za sumu hii ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kulegea na kuchanganyikiwa. Watu wawili au zaidi wa nyumba moja wakipata dalili hizo kwa wakati mmoja huku jiko linawaka, usifikiri ni malaria. Watoe nje wote kwenye hewa safi na uwakimbize kituo cha afya. Maziwa hayaondoi sumu hii. Usipoteze muda kuyatafuta.

9. MTU AKIUNGUA

Hata kwa uangalifu, ajali hutokea. Jua la kufanya:

1) Mwondoe kwenye moto. Nguo ikishika moto, mlaze chini na umviringishe au umfunike kwa blanketi zito.

2) Pooza jeraha kwa maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Mtoto mdogo mpooze jeraha tu, na mwili uliobaki umfunike asipate baridi.

3) Vua pete, bangili na nguo zisizogandana na ngozi. Iliyogandana usiivute.

4) Funika kwa kitambaa safi kisichonata.

5) Usipake dawa ya meno, yai, mafuta, udongo, unga wala kinyesi cha ng'ombe. Usitoboe malengelenge.

6) Nenda kituo cha afya mara moja kama jeraha ni kubwa kuliko kiganja cha mgonjwa mwenyewe, au liko usoni, mikononi, miguuni, kwenye kiungo au sehemu za siri, au kama aliyeungua ni mtoto mdogo. Muulize mhudumu kuhusu chanjo ya pepopunda.

MASWALI YA KUJIPIMA

Jibuni pamoja nyumbani au kwenye kikundi chenu, kisha mtazame majibu chini.

1. Kwa nini tunawasha moto kwa juu na si kwa chini?
2. Mkaa mpya ukitiwa shambani bila kulishwa, mimea hufanyaje?
3. Taja mabaki mawili ya shambani yasiyofaa kuchomwa, na useme yatumike vipi.
4. Mama na watoto wawili wameamka na kichwa kinauma na kichefuchefu. Jiko la mkaa lilikuwa ndani usiku kucha. Utafanya nini?
5. Mkaa umefukiwa kwa udongo tangu jana. Je, ni salama kuuingiza nyumbani leo?

MAJIBU

1. Ili moshi unaotoka chini upite kwenye moto na kuungua.
2. Hugeuka manjano na kudumaa, kwa sababu mkaa mtupu hunyonya chakula cha udongo.
3. Majani ya maharage au karanga yalishwe mbuzi au yatiwe kwenye mboji. Miti mizima ya mihogo ihifadhiwe kwa mbegu.
4. Nitawatoa nje kwenye hewa safi mara moja na kuwapeleka kituo cha afya.
5. Hapana. Utandazwe nje, uloweshwe na usubiriwe siku mbili mpaka upoe kabisa.

Ndugu msomaji, kiwanja ulichopewa ni kidogo na huwezi kukihama kila udongo unapochoka. Unachoweza ni kukirudishia kila msimu sehemu ya kile ulichokichukua. Anza na shimo moja na tuta moja. Wakusanye majirani watatu au wanne mchome pamoja, mgawane ulinzi wa moto na mgawane mkaa. Mkiwa na swali, mwoneni mhudumu wa afya wa kijiji (VHT) au afisa kilimo wa makazi yenu.

Kinga ni bora kuliko tiba, na kinga ya kwanza ya mtoto ni sahani yenye mboga na hewa isiyo na moshi.